Asiyemaliza Hafuti

Tangu msusi aanguke kutoka roshani yake, karakana ya Cheche ilikuwa imepoteza kelele zake. Vyuma vilikuwepo, vimeegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri zamu. Mashine ya kuchomelea ilikuwepo, nyaya zake zimeviringwa vizuri kupita kawaida. Na kinyago cha mdogo wake Cheche, kile cha kukinga mwanga wa moto, kilikuwa bado kwenye msumari karibu na mlango, kioo chake cheusi kimeelekea mtaani. Kila Mama Rangi alipopita na ndoo ya maji, alihisi kinyago kile kinamfuata kwa macho.

Mama Rangi alikuwa mke wa Cheche. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu katika karakana ile mume alishikiza, shemeji akamalizia, na mke akapaka rangi. Hata akienda kwenye sherehe za watu alikwenda na kucha za kijivu, na akiulizwa husema ndio mtindo mpya, wenzake bado hawajaujua. Siku hizi hakuwa na utani huo. Siku hizi alijifunga kitambaa cha kichwa tangu asubuhi, akakikaza hadi masikioni, hata jua likiwaka.

Asubuhi ile alikuja mteja aliyekuwa ameagiza geti. Hakuingia. Alisimama nje, mguu mmoja barabarani.

"Fundi yupo?"

"Ametoka kidogo. Karibu ukae, kaka."

"Sikai, dada. Nilitaka tu kusema, lile geti msilifanye."

"Lakini vyuma tumeshavikata."

"Najua. Ni mke wangu. Anasema watoto wanapenda kuning'inia getini." Alitazama pembeni, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Unajua wanawake mlivyo."

Mama Rangi alisema anajua. Mteja alipogeuka, alimwona akipita mbali na ngazi mpya iliyosimamishwa nje kama mfano wa kazi yao, kana kwamba ina ukoma.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya kivuli, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amesikia yote.

"Mwingine huyo," alisema.

"Mwingine, mama."

"Wateja watarudi. Njaa ya geti haiishi maadamu wezi wapo." Alitupa jiwe dogo la mchele nje. "Mimi nalilia wanangu. Mmoja kamfukuza mwenzake, na wote wamelala tumbo hili hili. Jana nimempelekea kitinda mimba wangu chakula pale anapooshea magari ya watu. Amekonda. Ananiuliza, mama, hata shemeji haniamini?"

Mama Rangi alishika ndoo kwa mikono miwili.

"Ulimjibu nini?"

"Nimjibu nini mimi? Siku hiyo sikuwepo. Wewe ndiye ulikuwepo."

*

Karakana ile ilikuwa na sheria moja. Cheche alipounganisha reli, vile vizuizi vya chuma vya roshani, kwanza alishikiza: nukta ya moto hapa, nukta pale, chuma kikae sawa. Penye kila nukta akachora duara la chaki. Mdogo wake alimfuata nyuma akipiga mshono kamili, na akimaliza kiungo hufuta duara kwa kidole gumba chake mwenyewe. Penye chaki rangi haikugusa. "Asiyemaliza hafuti," Cheche alipenda kusema, na mdogo wake humjibu, "Na asiyefuta hali," na wote wakacheka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Siku ile walikuwa na reli mbili. Moja ilikuwa ya roshani ya nyumba ya kupanga alimoishi msusi. Nyingine ilikuwa ya ghorofa ya juu ya chekechea, mtaa wa pili. Umeme ulikatika kazi ikiwa katikati. Shemeji yake akavua kinyago, uso wote jasho.

"Shemeji, zilizobaki zina chaki. Wewe anza na zilizokwisha. Mimi naenda kula kabla njaa haijanimaliza na mimi."

"Nenda, usije ukanianguka hapa, nikazike mtu mwenye deni la soda yangu."

Hapo ndipo lori lilipopita na kumwaga vumbi juu ya kila kitu. Rangi haishiki penye vumbi. Mama Rangi alichovya kitambaa kwenye thina, ile dawa ya kusafishia rangi, akaanza kupangusa, chuma hadi chuma, huku akiimba. Alikuwa amefika katikati ya reli ya pili, ile ya chekechea, alipoona kitambaa kimekuwa cheupe kwa chaki.

Angeweza kusema. Wakati ule lilikuwa jambo la kuchekwa tu. Lakini mawingu yalikuwa yamekusanyika, gari la kubebea reli limeshaegeshwa, na Cheche alikuwa anagombana na simu kuhusu umeme. Alijiambia viungo vingi vilikuwa vimekwisha. Alijiambia chuma ni chuma. Akapaka. Na rangi nzito ya mafuta ikishakauka, nukta na mshono hufanana kwa mtu asiyeinama. Umeme uliporudi, mdogo wake akiwa bado hajarudi, Cheche akamalizia viungo vya reli ya chekechea vilivyobaki na chaki, akaviamini vingine vyote.

Kisha msusi akaegemea reli ya roshani yake, anakung'uta taulo.

Mama Rangi hakulala macho makavu tangu siku hiyo, lakini lililomla zaidi halikuwa kitambaa. Lilikuwa lile lililotokea karakanani baadaye, Cheche ameshika kipande cha reli kilichovunjika, anakitikisa mbele ya uso wa mdogo wake.

"Hiki hakijaunganishwa. Na chaki hakuna. Ulifuta bila kumaliza, ukakimbilia tumbo lako."

"Kaka, niliacha chaki. Muulize shemeji, nilimwambia mbele ya hii mashine."

Wote wawili wakamgeukia. Na yeye, kwa sauti ambayo hakuijua, alisema, "Sikumbuki vizuri."

Shemeji yake hakubisha tena. Alimtazama kidogo tu, kama mtu anayetafuta alama aliyoiacha mahali. Kisha akatoka, kinyago akakiacha.

*

Mchana Cheche alirudi na mwenye nyumba ya kupanga, mtu mnene mwenye tabia ya kujifuta shingo. Mwenye nyumba hakumsalimu mtu.

"Mimi sitaki maneno marefu," alisema. "Yule mwanamke ana ndugu, na ndugu wanaongea. Kesho tunakwenda kituoni. Fundi utaandikisha kwamba kiungo kile kilikuwa cha mdogo wako, na kwamba ulishamwachisha kazi. Hapo mimi nitakuwa nimesafika, na wewe umesafika."

"Na yeye?" aliuliza bibi, mama yake Cheche, kutoka kwenye kigoda.

"Yeye ni mtu mzima, mama."

"Mtu mzima," bibi alirudia polepole. "Ndiyo. Nilimnyonyesha mpaka akawa mtu mzima."

Cheche alikuwa anatazama sakafu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, jina lake halikutokana na moto peke yake; lakini tangu msusi aanguke alizungumza kama anayelipia kila neno. "Kesho asubuhi," alisema. "Nitakuja."

Mwenye nyumba alipoondoka, Mama Rangi alimfuata mumewe hadi nyuma, kwenye pipa la maji.

"Baba, nataka tuzungumze kidogo. Kuhusu ile reli."

"Ukinitajia reli, mke wangu, nitapasuka."

"Kuna kitu—"

"Nimemfundisha kazi mimi. Nimemshika mkono huu. Unafikiri naona raha? Lakini yule mwanamke hasikii miguu yake. Lazima awepo mtu." Alijimwagia maji usoni, akabaki ameinama, maji yakidondoka kwenye kidevu. "Lazima awepo mtu aliyefanya. Vinginevyo ni mimi."

Maneno yalikuwa yamefika mdomoni mwa Mama Rangi. Aliyahisi, yana ladha ya thina. Lakini Cheche alikuwa ameshapita.

*

Hospitali ilikuwa na wodi ndefu yenye vitanda vya chuma. Mama Rangi hakuweza kuviona vitanda bila kutazama viungo vyake. Alimkuta msusi amelala chali, kifuani ameweka kioo kidogo, anajitazama nyusi.

"Karibu, mama. Usisimame kama mtu wa kodi. Kaa."

"Unaendeleaje?"

"Mikono inaendelea. Miguu bado inafikiria." Alitabasamu, na tabasamu likachoka haraka. "Madaktari wanasema tusubiri. Kusubiri ndiyo dawa wanayotoa bure."

Mama Rangi aliweka machungwa kwenye kabati. Mkono wake uligonga gilasi.

"Hebu nione kichwa," alisema msusi.

"Kichwa?"

"Umejifunga kama mtu aliyefiwa. Toa hicho kitambaa."

Alikitoa. Chini yake zilikuwa nywele alizosukwa na mikono hii hii, kwenye roshani ile ile, amekaa kati ya magoti ya msusi, wiki ile kabla ya reli. Zilikuwa zimefumka, mizizi imekua, nyuzi zimetokatoka. Hakuweza kuzifumua. Kila alipoanza, vidole vilikataa.

"Mama wee, aibu hii. Watu watasema mimi ndiye niliyekusuka hivi." Msusi alivuta ncha ya suko moja, kwa upole. "Mbona hujafumua?"

"Sijapata nafasi."

"Hm." Akaachia. Alitazama dari. "Ninachomshukuru Mungu ni mwanangu tu. Yupo kwa dada yangu, lakini chekechea haikosi. Mwalimu anasema siku hizi wanawaruhusu kukaa pale juu wakati wa uji, wanatazama barabara. Zamani walikuwa wanakatazwa. Sasa kuna reli mpya." Alicheka kidogo. "Anapenda kupanda vitu yule. Kama nyani."

Mama Rangi alishuka ngazi za hospitali akiwa hagusi popote. Njia ya kurudi ilipita chekechea. Siku zote hizo alikuwa akiipita ameinamisha kichwa. Leo aliinua macho. Reli ilikuwa pale juu, kijivu, nadhifu, imekauka vizuri. Taulo dogo la mtoto lilikuwa limetundikwa juu yake. Lilikuwa linapepea kidogo sana, na yeye hakujua kama ni upepo au ni chuma.

*

Asubuhi alimwambia mama mkwe wake anakwenda dukani. Bibi alimtazama kichwani. Hakuwa amefunga kitambaa.

"Nenda," alisema. "Na unachokwenda kununua, usirudi bila kuwa nacho."

Alifika chekechea watoto wakiwa wanapanga viatu. Hakumsubiri mtu. Alipanda ngazi, akaenda hadi katikati ya reli, akasimama mbele yake ameipa mgongo, mikono ameinyoosha pande zote mbili bila kuigusa. Watoto wa kwanza walikuwa tayari wanapanda na vikombe vyao. Walimwona wakasimama. Mmoja alidhani ni mchezo, akanyoosha mikono yake pia.

"Shukeni chini, wanangu. Taratibu. Nendeni kwa mwalimu."

Mwalimu alikuja mbio, chaki bado mkononi, nyuma yake mzazi mmoja aliyekuwa amemleta mtoto, na mwingine, na mwingine.

"Mama Rangi? Kuna nini?"

"Reli hii msiiguse. Haijaunganishwa yote. Mpigie mume wangu, mwambie aje na jiwe la kusagia chuma. Mwambie nimesema mimi."

"Lakini fundi mwenyewe alituambia ile yetu aliimalizia kwa mkono wake."

"Alimalizia penye chaki. Kwingine nilifuta mimi."

Chini uani kulikuwa na minong'ono. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, bila kujali, "Kumbe walijua." Mwingine alimvuta mtoto wake kwa nguvu hadi uji ukamwagika. Mama Rangi alisikia yote na hakusogea. Mgongoni chuma kilikuwa karibu kiasi kwamba aliihisi baridi yake.

Cheche alikuja na mwenye nyumba, kwa sababu mwito uliwakuta wakiwa njiani kwenda kituoni, wakapitia karakanani kuchukua jiwe. Alimtazama mkewe, akatazama reli. Alipiga magoti, akasaga rangi kwenye kiungo cha kwanza. Mshono ulionekana, mnene kama kovu zuri. Cha pili, vilevile. Mwenye nyumba alianza kujifuta shingo. "Sasa mama, unatutia hofu bure, unajua—"

Kiungo kilichofuata kilikuwa na nukta moja, ndogo kama jicho la kuku.

Cheche alisimama. Aliweka kiganja juu ya reli na kusukuma, si kwa nguvu, kama mtu anavyosukuma mlango wa chumba cha mgonjwa. Kulisikika mlio mfupi, mkavu, na upande mzima ukainama nje, juu ya ua ule ambamo watoto walikuwa wamesimama. Ukabaki umening'inia upande mmoja.

Kisha mtoto mmoja chini aliuliza, "Imevunjika?" na mwalimu akamfunika uso kwa mkono.

"Nani alifuta?" Cheche aliuliza, ingawa alikuwa ameshasikia.

"Mimi. Kwa kitambaa cha thina. Sikukusudia. Lakini nilijua, na nikapaka. Na siku ile karakanani nilikumbuka vizuri kabisa."

Cheche aliketi kwenye ngazi ya juu, mtu mzima, mabega yamemshuka. Mama Rangi alingoja apaze sauti. Alitamani apaze. Cheche alizungumza na mikono yake. "Nimemfukuza mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa njiani kwenda kumfunga mdogo wangu."

Mwenye nyumba aliuliza kama bado wanakwenda kituoni.

"Tutakwenda," alisema Cheche. "Wewe, mimi na huyu mke wangu. Lakini kwanza nendeni mkamwite yule anayeosha magari."

*

Shemeji yake alikuja na mashine ya kuchomelea mkononi, suruali imelowa hadi magotini, na nyuma yake bibi, ambaye hakuna aliyemwita, amebeba kinyago chini ya khanga. Kaka alijaribu kuanza kusema. Mdogo mtu akainua kiganja. "Kwanza kazi, kaka. Maneno hayaanguki."

Mwalimu alitoa chaki. Shemeji aliichukua, akaisogeza kwa Mama Rangi bila kumtazama. "Saga, utazame kila kiungo, uchore penye nukta. Usipokuwa na uhakika, chora."

Alichora. Watu walikuwa wanamtazama kutoka chini, na yeye alipiga magoti mbele ya kila chuma akachora duara, moja baada ya jingine, na kila duara lilikuwa mahali ambapo mtoto fulani angeweza kuegemea. Alipofika mwisho, shemeji alikuwa amesimama juu yake, ameshika mashine.

"Shemeji, nilikuuza."

"Uliniuza," alikubali. "Tena bila kupata hata faida." Hakucheka, na yeye hakucheka. Alivaa kinyago, na kabla hajakishusha usoni alisema, kama alivyomwambia kila siku miaka yote, "Geuka. Usitazame mwanga."

Akageuka. Nyuma yake moto ukaanza, na kivuli chake mwenyewe kikaruka ukutani, kikubwa, kinazimika na kuwaka.

*

Kabla ya kituo Mama Rangi aliomba kwanza apite hospitali, na Cheche alimngoja nje ya geti. Msusi alikuwa anakula chungwa.

Mama Rangi hakukaa. Alisema akiwa amesimama, yote, kuanzia lori la vumbi. Hakuweka "lakini" popote. Alipomaliza, kwenye wodi kulisikika kijiko cha mtu kikigonga sahani.

Msusi alilishusha chungwa. Alitazama miguu yake chini ya shuka, mahali ilipokuwa imejipanga kama ya mtu mwingine. Mama Rangi akaanza kugeuka aende.

"Njoo hapa."

Alisogea.

"Chini. Weka kichwa hapa."

Alipiga magoti sakafuni, akaweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Vidole vya msusi vilishika suko la mbele, vikalivuta kwa nguvu hadi machozi yakamtoka.

"Hii ni kazi yangu," alisema msusi. "Sitaki utembee nayo mjini. Sitaki uende nayo huko kituoni."

Akaanza kufumua. Hakuwa mpole. Suko baada ya suko, nywele zilitoka na kudondoka kwenye shuka, na Mama Rangi hakusema kwamba inauma. Nje, mbali, mlango fulani wa chuma ulifungwa, na mwili wake ukashtuka. Vidole vikasimama, vikangoja atulie, vikaendelea.

Walipokuwa wamefika utosini, nesi akaja akasema muda wa wageni umekwisha. Nusu ya kichwa ilikuwa imefumuliwa, nusu bado. Mama Rangi alisimama, akachukua kitambaa chake, kisha akakirudisha mfukoni.

Msusi alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Kesho," alisema, "uje na kitana. Chenye meno makubwa. Na mwanangu uje naye."